Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Kumwonea Asiyeona



Ndugu zangu katika imani, mama zetu, dada zetu na vijana wetu, alhamdulillah tumeamka tena na funga ya siku ya 12. Kumi la rehma limeshapita, sasa tumo katika kumi la maghfira. Tumuombe Allah (s.w.) asitutoe katika mwezi huu ila ameshatusamehe. Amin.

Leo tuanze na adhana. Alfajiri hii kila mmoja wetu aliweka kikombe chini kwa sababu alisikia sauti ya muadhini. Madina ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa na waadhini wawili wa alfajiri. Bilal (r.a.) aliadhini kungali usiku, ili aliyelala aamke na aliyekuwa anasali ajiandae. Baada yake akaadhini Ibn Umm Maktum (r.a.). Mtume (s.a.w.) akawafundisha watu kwamba adhana ya Bilal isiwazuie daku, waendelee kula na kunywa mpaka wamsikie Ibn Umm Maktum. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wengi tunaijua, maana ndiyo tunayoitumia tukitaka kuongeza tonge la mwisho.

Lakini ndani yake kuna jambo tunalipita haraka haraka. Ibn Umm Maktum alikuwa haoni. Mji mzima ulikuwa unaanza funga kwa sauti ya mtu asiyeweza kuuona weupe wa alfajiri. Sasa alijuaje kama kumepambazuka? Mapokezi yanatueleza: alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Basi pale kulikuwa na mtu. Katika mapokezi hayo hakutajwa jina. Kazi yake ilikuwa kutazama mbingu, kumwambia ndugu yake alichokiona, kisha kunyamaza. Hakuchukua adhana akaadhini yeye. Wala hakusema, "Huyu haoni, tumtafutie kazi nyingine." Alitoa jicho lake kwa muda mfupi, na sauti ikabaki ya mwenyewe.

Huyo ndiye mtu wa tafakuri yetu ya leo.

*Kumwonea ni sadaka*

Katika hadithi aliyoipokea Abu Dharr (r.a.), iliyomo katika Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alizitaja sadaka ambazo hazihitaji mfuko wa fedha. Kutabasamu mbele ya ndugu yako imo. Kuondoa jiwe na mwiba njiani imo. Na imo nyingine ambayo ukiifasiri neno kwa neno inakuwa hivi: *kuona kwako kwa ajili ya mtu mwenye macho dhaifu*. Yaani kumwonea.

Lugha yetu ya Kiswahili hapo ina hekima yake. Kumwonea mtu, kwa mazungumzo ya kila siku, ni kumdhulumu. Kumwonea huruma ni jambo jingine. Na kumwonea kwa maana ya kuona kwa niaba yake ni la tatu. Neno ni moja, lakini matendo ni matatu, na umbali kati yake ni mdogo kuliko tunavyodhani. Unaweza ukaanza kwa kumwonea huruma, ukamaliza kwa kumwonea kabisa, na huku unajihesabia thawabu. Hadithi inatutaka tufanye lile la tatu.

Mlango mmoja wa kulifanya uko karibu sana nasi, ila hatuugongi: kumsomea mwanafunzi asiyeona. Najua sisi watu wa msikitini tukisikia fulani "anasomewa" akili inakwenda kwenye kisomo, mgonjwa, maji na Yasini. Leo nakusudia kumsomea kitabu cha jiografia. Kitini cha sheria. Maswali ya mtihani wa mwaka jana.

*Nini kinamfelisha*

Chukulia kijana wa kidato cha tatu asiyeona. Msingi wake aliupata katika shule yenye walimu wa nukta nundu. Tunazo shule kama Buigiri kule Dodoma, Irente kule Lushoto na Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Kenya wana Thika na Likoni. Huko alijifunza kusoma kwa ncha za vidole. Maandishi hayo aliyabuni Mfaransa Louis Braille, naye mwenyewe alikuwa haoni, mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Ni nukta sita tu, lakini ukizipanga unapata alama 63, na kwa alama hizo unaandika Kiswahili, hesabu, hata Qur'ani. Misahafu ya nukta nundu ipo, na ajabu yake ni kwamba Kiarabu chake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Kwa hiyo kijana huyu si kwamba hajui kusoma. Anajua. Shida inaanza akitoka hapo kwenda sekondari ya kawaida au chuo. Mwalimu yuko ubaoni anasema, "Hii ukiitoa hapa, ukaipeleka kule, unapata hii." Darasa zima linaitikia. Yeye amesikia "hii, hapa, kule, hii". Halafu kinakuja kitini cha fotokopi, kurasa 40, kwake ni karatasi tupu. Kitabu cha nukta nundu ni kinene na ni ghali. Kitabu kimoja cha kiada kinaweza kugawanyika kikawa majuzuu kadhaa, kwa hiyo vinavyochapwa ni vichache.

Mtu atasema, si siku hizi kuna simu zinazosoma? Ni kweli, na tumshukuru Allah kwa hilo. Programu kama TalkBack na VoiceOver zimewafungulia wengi mlango. Lakini ukurasa uliopigwa picha hovyo, au mwandiko wa mkono wa mwalimu, mara nyingi simu haiupati. Na ukurasa wenye Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu pamoja, unaweza kusomwa kwa ulimi ambao hata mwenye lugha hautambui.

Basi anasubiri. Anasubiri mwenzake wa bweni amalize kujisomea. Saa tano usiku mwenzake amechoka, anamsomea mbio mbio, anaruka aya, anasema "hapa si muhimu". Na mtihani haumsubiri mtu. Matokeo yakitoka tunasema, "Maskini, si unajua haoni." Hapana, ndugu yangu. Hakufelishwa na macho. Amefelishwa na kitini kilicholala mezani wiki tatu, hakuna wa kukisoma.

Wapo pia wenye uoni hafifu, na wengi wa ndugu zetu wenye ualbino wamo humo. Hao wanaona, lakini si kwa urefu wa ubao, wala si maandishi madogo ya fotokopi iliyofifia. Mwingine anaweza kusoma nusu saa tu, kisha macho yanauma. Naye anahitaji msomaji, hata kama amevaa miwani.

*Aliyekuja kutafuta elimu*

Ibn Umm Maktum huyu huyu ndiye aliyeteremshiwa Surat Abasa, sura ya 80. Kisa tunakijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa na wakubwa wa Kiqureshi, akitumai wasilimu, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Akaja mtu asiyeona, anataka afundishwe. Mtume akakunja uso. Ibn Umm Maktum hakuuona uso ule, lakini Allah aliuona, na akateremsha aya zinazosomwa mpaka Kiyama.

Tuangalie vizuri alichokuja kutaka. Hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka kujua. Mafunzo ya sura ile ni mengi, lakini moja ni hili: aliyekuja kwa miguu yake kutafuta elimu ana haki ya wakati wako, na hadhi ya wageni wengine haimtoi kwenye foleni.

Sasa tujitazame Ramadhani hii. Kwenye kutoa vitu, maa shaa Allah, watu wetu ni wakarimu. Mchele, tende, sukari na mafuta vinafika. Na mwanafunzi asiyeona akifika mlangoni, mkono unakwenda mfukoni haraka: "Chukua kijana, nauli hiyo." Yeye hakuja kwa nauli. Alikuja na kitini. Nauli ni rahisi kutoa, unampa na mmeachana. Saa moja ya kukaa naye ndiyo nzito.

Na tukumbuke mwezi huu ulivyoanza na wahyi. Neno la kwanza kuteremka lilikuwa amri ya kusoma, na aliyeamrishwa alikuwa hasomi maandishi. Alisomewa na Jibril (a.s.), akapokea kwa kusikia. Kisha kila Ramadhani Jibril alimjia wakadurusu Qur'ani pamoja, na mwaka wa mwisho wa maisha yake wakaidurusu mara mbili. Kwa hiyo kukaa watu wawili, mmoja anasoma na mwingine anasikiliza, si jambo geni katika mwezi huu. Na elimu iliyoingia kwa sikio si elimu ya daraja la pili.

*Hujui unamsomea nani*

Usidhani faida inakwenda kwa mwanafunzi peke yake. Imam Shatibi alizaliwa Andalusi mwaka 538 Hijria, akafariki Cairo mwaka 590. Alikuwa haoni. Ndiye aliyetunga beti 1173 za kufundisha visomo saba vya Qur'ani, na mpaka leo wanafunzi wa visomo wenye macho mazima wanazihifadhi. Wamefundishwa kusoma na asiyeona.

Karibu na zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana wa takriban miaka 20. Akaendelea na elimu mpaka akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, kuanzia 1993 hadi alipofariki 1999. Vitabu alisomewa. Barua na maswali ya watu alisomewa. Fat'wa zake tunazinukuu kila siku, lakini waliokuwa wakimsomea wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Allah anawajua. Katika kila faida iliyotoka kwenye ukurasa ule, tunatarajia wana fungu lao.

*Adabu za msomaji*

Hapa ndipo kwenye mpaka wa kumwonea na kumwonea, kwa hiyo tusome taratibu.

*1. Muulize yeye kwanza.* Anataka kitabu gani, ukurasa gani, mwendo gani? Mwingine anataka polepole aandike kwa nukta nundu. Mwingine amezoea kusikiliza simu kwa mwendo wa kasi, ukimburuza anasinzia. Mwenye somo ni yeye, wewe umekuja na macho tu.

*2. Soma kilichoandikwa.* Anza na jina la kitabu, sura na namba ya ukurasa, kwa sababu atahitaji kuitaja namba hiyo kwenye insha yake. Soma vichwa vya habari, maelezo ya chini na yaliyomo kwenye mabano. Jina geni lisome kisha litaje herufi kwa herufi. Penye jedwali, mwambie kwanza lina safu ngapi na kila safu inahusu nini, ndipo usome takwimu. Penye mchoro, eleza kilichopo kabla ya kusema maana yake. Usifupishe. Ukisema "hapa anaelezea tu mambo ya mvua", umeshamchagulia cha kujua na cha kutojua. Huko ndiko kumwonea kwenyewe.

*3. Usijibu wewe.* Akikosea zoezi, msomee swali tena. Na ukiteuliwa kumwandikia mtihani, andika neno lake kama alivyolitamka. Huruma ikikushika ukaongeza sentensi moja nzuri, hiyo ni ghushi, na umemnyang'anya jambo ambalo wenzake wote wanalo: haki ya kusema "hiki nimekifanya mimi". Kumbuka yule wa Madina. Alisema kumekucha, basi. Adhana hakuigusa.

*4. Tunza siri.* Leo utasoma kitini, kesho atakuomba umsomee matokeo yake, barua ya mkopo, au ujumbe wa fedha kwenye simu. Hiyo ni amana. Usimtolee mtu salio lake, usimhadithie mtu alama zake. Namba ya siri mwache aiweke mwenyewe, na kama hukuombwa kusoma kitu, usikisome.

*5. Timiza ahadi.* Mkikubaliana saa kumi, iwe saa kumi. Mwanafunzi anayeona rafiki yake akichelewa anaendelea kusoma peke yake. Huyu hawezi kuanza bila wewe, kila dakika yako ya kuchelewa inatoka kwenye masomo yake. Ukipata udhuru mpe taarifa mapema, na ukiweza mtafute mwenzio ashike nafasi yako. Ni bora ukaahidi saa moja kwa wiki ukaitimiza, kuliko kuahidi kila siku ukaonekana mara mbili.

*6. Mheshimu.* Ukifika toa salamu na utaje jina lako, usimwambie "hebu nitambue mimi nani". Ongea naye mwenyewe, usimuulize aliyemsindikiza "anataka nini". Usimpigie kelele, haoni lakini anasikia. Usimpige picha ya kurusha kwenye makundi. Na mipaka ya sheria ipo pale pale: dada amsomee dada, kaka amsomee kaka, na pasipo na budi mkae mahali pa wazi kama maktaba au darasani penye watu, isiwe faragha.

*"Mimi naweza nini?"*

Usiseme huna elimu. Anayejua kusoma kwa sauti ya kueleweka anatosha. Mzee mstaafu mwenye miwani na subira, huyu ni hazina. Binti aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, anao muda na vitabu bado anavikumbuka. Mwalimu wa madrasa anaweza kumsomea vitabu vya fiqhi, maana huko nako wapo wanaotaka elimu ya dini na hawajapata wa kuwasomea.

Usiyeweza kutoka nyumbani, rekodi kwa simu. Kaa chumba chenye utulivu, zima feni, weka simu kwenye kitambaa isigongegonge. Kila sura iwe faili yake, na mwanzo utaje kitabu, sura na ukurasa. Ukikosea mstari, sema "narudia" kisha usome upya. Na faili hizo ziende kwa mwanafunzi au kwa shule yake tu. Upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, na Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unaozitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kutengenezwa kwa njia ambazo wasioona wanaweza kuzitumia, sauti ikiwemo, bila kwanza kumuomba ruhusa mwenye haki. Ruhusa hiyo ni kwa ajili yao. Haitupi sisi wengine kibali cha kusambaza kazi ya mtu bure.

Piga hesabu ndogo. Zimebaki siku 17 au 18. Nusu saa kwa siku, ule muda baada ya Asri tunaoumaliza kwa kuperuzi simu tukisubiri Magharibi, inafika karibu saa tisa. Kwa saa tisa kitabu kimoja cha kiada kinaweza kwisha. Ila nia isiwe ya Ramadhani peke yake. Mtihani wake hauko Ramadhani.

Na lipo moja ambalo kila aliyemo humu anaweza kulifanya leo leo. Ukituma tangazo la darsa, la janaza au la ratiba ya futari kwenye kundi likiwa bango la picha, andika maneno yale yale chini yake. Katika jamaa zetu wamo wasioona, na simu zao zikifika kwenye bango zinaweza kuwaambia neno moja tu: "picha". Mtu amekosa janaza ya jirani yake kwa sababu hiyo, si jambo dogo. Ni dakika mbili za kuandika.

Walio tayari kusoma, waandikishe majina kwa katibu wa msikiti baada ya Taraweh, wataje siku na saa wanazoweza kwa uhakika. Na mwenye mtoto, mpangaji au jirani mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, amwambie kwamba wasomaji wanatafutwa kwa ajili yake, kisha amuulize kama anataka. Akisema hataki, tuheshimu.

*Zoezi la leo:* kabla ya futari, chukua ukurasa mmoja wa kitabu chochote cha shule kilichopo nyumbani. Usome kwa sauti kwa mtu aliyefumba macho, pamoja na mchoro wake. Kisha muulize ameelewa nini. Hapo utajua kama uko tayari, na wapi pa kujirekebisha.

Ewe Mola wetu, macho haya ni yako na umetuazima. Usitujaalie kuyatumia katika yaliyoharamishwa, kisha tukayafanyia ubakhili katika yaliyo kheri. Wafungulie milango ya elimu ndugu zetu wasioona, uwape wasomaji waaminifu, na sauti zao uzifanye zenye kutunufaisha kama ulivyoifanya adhana ya Ibn Umm Maktum. Tutakabalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.

Mfikishie na mwenzio. Kama unamtumia asiyeona, ujumbe huu ni maandishi matupu, simu yake itamsomea.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.